Kubadilisha silansiye iliyooza kwenye Toyota Celica ya zamani, hapa hapa Goma

Kelele siyo shida, naanza na hiyo. Wengi wanabadilisha silansiye, lile kopo la nyuma la eshapema (bomba ya moshi), juu majirani wamechoka kusikia gari inanguruma saa kumi na moja asubuhi, ao juu polisi ya barabarani amewasimamisha. Mimi nilibadilisha juu ya mtoto wa dada yangu. Tulikuwa tunatoka Sake jioni, mvua inanyesha, vioo vyote tumefunga, mtoto kwenye kiti cha nyuma akaanza kulia kichwa, akatapika, akalala. Tukasema ni barabara, na hizi kona na mashimo nani hatapiki. Kufika nyumbani na mimi kichwa kinanigonga. Asubuhi nikalala chini ya gari, nikakuta kopo la nyuma liko na tundu la kuingiza vidole viwili, upande wake wa juu kabisa, pale ambapo ukiinama tu huoni kitu, na moshi ulikuwa unapanda moja kwa moja kwenye sakafu ya buti ambayo raba ya mlango wake iliisha zamani.

Sisi watu wa Goma tunajua mazuku, ile gesi ya kuua inayotoka ardhini, tangu utoto unaonyeshwa mashimo ambayo huendi kulaza mbuzi. Moshi wa gari nao uko na ndugu yake, kaboni monoksidi, haina harufu, haina rangi, inakamata nafasi ya oksijeni kwenye damu na mtu anaona tu usingizi. Tofauti ni moja: mazuku ni kaboni dioksidi, iko nzito, inakaa chini kwenye shimo, lakini hii ya gari inachanganyika na hewa na inakufuata mpaka puani. Kwa hiyo kama gari yako inavuja, mpaka siku ya kazi tembea na vioo vya mbele wazi, hata mvua ikinyesha, na mlango wa buti ufunge vizuri, ukiuacha wazi gari inajivutia moshi ndani.

Gari yenyewe ni Celica ya 1997, ST202, mashine ya lita 2, usukani kulia, ilitoka Japani. Wanaocheka eti gari ya michezo juu ya mawe ya volkano, waambie kwamba Celica ilichukua Safari Rally ya Kenya mara tatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986. Toyota iliacha kuitengeneza 2006 na silansiye yake mpya ya kiwandani kuipata hapa ni ndoto, ndiyo maana naandika. Mwenye Supra, MX-5 ao BMW ya miaka ya 90 atumie tu njia hii hii, bulo (bolti) ndizo zitakuwa na namba zingine na labda bomba ni mbili.

Hapa tunapenda kusingizia Nyiragongo. Ni kweli moshi wa volkano ukikutana na mvua maji yanakuwa na asidi, angalia tu mabati ya nyumba. Lakini silansiye inaozea ndani zaidi kuliko nje. Esansi (petroli) lita 1 ikiungua inatoa maji karibu lita 1, yanatoka yakiwa mvuke, na silansiye njo iko mbali kabisa na mashine, njo iko baridi kuliko zote, kwa hiyo mvuke unageuka maji mule ndani. Ukitembea mbali kopo linapata moto, maji yanakauka. Ukitoka mtaa wa Himbi mpaka mjini, ukazima, ukarudi, ukazima, maji yanalala mule kila usiku. Gari ya michezo nyingi hapa zinaishi hivyo, zinatoka Jumapili tu kwa maringo. Chini ya kopo kiwandani wanaachaka katundu kadogo sana kwa ajili ya kutoa hayo maji, na fundi mmoja aliyewahi kuniunga bomba alikaona akakaziba, akaniambia "nimekusaidia, ilikuwa imetoboka". Kwa hiyo ukiona katundu ka duara safi sehemu ya chini kabisa ya kopo, usikaguse.

Sasa kazi. Kabla ya kununua chochote, angalia, na hapa usiwe na haraka kabisa juu watu wananunua silansiye halafu wanakuta shida ilikuwa pengine. Sikiliza gari ikiwa baridi, dakika ile tu umewasha. Kama inapiga tak-tak-tak kutoka mbele na ikipata moto sauti inapungua, hiyo ni gasketi ya mbele ao manifoldi (bomba za moshi zinazoshikana na mashine) imepasuka, silansiye haina kosa. Kama inanguruma kwa nyuma na ukikanyaga inazidi, hapo ndiyo. Kama kuna kitu kinacheza kama mawe ndani ya mkebe, zima, ngoja ipoe, piga kopo kwa ngumi, usikie kama ni vile vibati vya ndani vimekatika, na kama si hapo basi piga katalizeri, lile kopo la mbele linalosafisha moshi. Ikiwa katalizeri yako ya kiwandani bado iko, shukuru, na mtu akikuambia anaweza kukusaidia kuitoa eti gari itapata nguvu, jua mule kuna platini, paladi na rodi na yeye njo anazitaka.

Kuna jaribio la kitambaa. Mashine ikiwa baridi iwashe, iache kwenye ralanti (ikizunguka bila kukanyaga), mwenzako achukue kitambaa kizito kilicholowa azibe mdomo wa nyuma sekunde tatu nne tu, wewe pita pembeni ya gari usikilize. Bomba nzima ikiwa sawa atasikia presha inamsukuma mkono na mashine itataka kuzima. Kama kuna tundu utasikia fsss, na mara nyingi utaona alama nyeusi ya masizi pale pale. Fanyia nje, siyo ndani ya garaji.

Halafu gari ikipoa chukua turnevisi (bisibisi) ya zamani, dunga dunga bomba yote kutoka katikati kwenda nyuma. Kutu ya juu juu ya rangi ya machungwa isikutishe. Turnevisi ikizama ao chuma kikibonyea kama gamba la yai, sehemu hiyo imekufa. Mimi nilidhani ni kopo tu, kumbe na sentimita 30 za bomba mbele yake zilikuwa karatasi. Angalia pia masikio ya chuma yanayoshika raba, na raba zenyewe, zikiwa na mipasuko ya kina andika kwenye orodha.

Pima. Huna kalipa? Zungusha kipande cha karatasi kwenye bomba, weka alama pale inapokutana, pima urefu wake kwa rula, gawanya kwa 3.14. Yangu ilitoka milimita 160, maana yake bomba ya 51. Pima urefu wa kopo, unene wake, bomba inaingilia upande gani na inatokea upande gani, na kutoka flanji (pale bomba mbili zinaungwa kwa bulo) mpaka sikio la kwanza. Piga picha kwa simu kutoka chini, pembeni na nyuma. Hizo picha zitakuokoa mara mbili, kwa muuzaji na siku ya kurudisha.

Kununua kuna njia tatu. Ya kwanza ni okazyo, silansiye iliyotolewa kwenye gari ingine, na kwenye soko la Birere ukitembea na picha zako kuna siku utaipata na kuna siku utaambiwa "rudi kesho". Inyanyue: ikiwa nyepesi ya kushangaza, ndani imekwisha. Itikise: ikicheza, iache. Gonga kila upande kwa kidole, chuma kizuri kinalia na kibovu kinasema puf. Kagua mshono wa kopo mwisho wote wawili, pale njo panaanza kuoza. Rangi nyeusi mpya ya kung'aa isikudanganye, ikwaruze kwa kucha uone chini yake. Na muuzaji akikutolea sumaku eti inashika kwa hiyo siyo inoksi (chuma kisichoshika kutu), ao haishiki kwa hiyo ni nzuri, usibishane sana, kuna inoksi za eshapema ambazo sumaku inashika vizuri tu.

Njia ya pili ni kopo jipya la kila gari, linakuja bila flanji na bila masikio, unapeleka kwa fundi wa kuchomelea anaunga na flanji yako ya zamani. Ya tatu ni fundi akutengenezee kopo zima kwa bati. Mimi nilichanganya, kopo la okazyo la Toyota ingine lenye ukubwa karibu sawa, na kipande cha bomba kwa fundi. Muuzaji alianzia dola 80, tukamalizia 45, na nilirudi nayo nyumbani juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, kama gunia la viazi.

Kuna njia ya nne ya vijana, kuweka bomba tupu bila kopo. Sitaki kugombana na mtu, ila kwenye mashine isiyo na turbo kama yangu nguvu utakayopata ni ndogo na kelele utakayopata ni ya kila siku.

Ukienda kwa fundi kuna maneno mawili ya kumwambia. La kwanza, asitumie bomba ya maji ile iliyopakwa zinki. Ikichomelewa inatoa moshi mweupe, yeye mwenyewe usiku atatetemeka homa akidhani ni malaria, na pale kwenye mshono zinki imeungua kwa hiyo kutu inaanzia hapo. La pili, achomelee kopo likiwa chini, mbali na gari. Tanki ya esansi ya Celica iko chini ya viti vya nyuma, bomba inapita karibu, na mimi sijawahi kuona haraka ya namna gani inamlazimisha mtu kurusha cheche pale. Ikibidi kabisa kushika pointi mbili gari ikiwepo ili kupata usawa, toa waya wa hasi wa betri, mtu asimame na mchanga ao zimamoto, halafu kopo litoke likamaliziwe nje. Na kale katundu ka maji, fundi asikazibe na kopo asiligeuze juu chini, mwambie kabla, siyo baada.

Usiku wa kabla ya kufungua, pulizia bulo WD-40, ao kama huna changanya mazutu (dizeli) na mafuta ya gia otomatiki nusu kwa nusu, paka kwa brosi, acha ilale. Asubuhi paka tena. Hii ni ya bulo zilizopoa, usipake kwenye bomba ya moto.

Kunyanyua gari. Celica iko chini, kriki (jeki) ya kawaida haiingii, kwa hiyo pandisha kwanza pine (matairi) za nyuma juu ya mbao mbili nene, hapo utapata nafasi. Uwanja uwe sawa na mgumu, breki ya mkono juu, gia ya kwanza, otomatiki weka P, zuia pine za mbele kwa mawe mbele na nyuma. Mawe ya kuzuia ni sawa lakini ya kubeba gari hapana. Jiwe letu la lava limejaa matundu kama mkate, linaonekana gumu halafu linapasuka bila kuaga, na tofali la sementi ndilo hilo hilo. Tumia shandeli, zile stendi za miguu mitatu, mbili, chini ya sehemu ngumu ya bodi, na usiingie chini ya gari iliyoshikwa na kriki peke yake hata kama ni "dakika moja tu". Pine ya akiba iweke imelala chini ya ukingo wa gari, kama kitu kimeshindwa itabeba. Sukuma gari kwa mkono kabla ya kuingia. Ikicheza, anza upya.

Kuhusu fosi, lile shimo la garaji: kama uko upande ambako mazuku inajulikana, kutoka mjini kwenda Sake na karibu na ziwa kuna sehemu nyingi, usichimbe na usishuke kwenye la mtu bila kujua, sana sana asubuhi mapema hakuna upepo. Mimi sishuki kabisa.

Vaa miwani. Sichezi, kutu inanyesha machoni ukiwa umelala chali, na kuitoa ni hospitali.

Kufungua flanji. Bulo za yangu zilikuwa za kle (spana) 14, mbili. Tumia duwi (soketi) ya pembe sita, ile ya kumi na mbili inakula kichwa cha bulo iliyooza. Sukuma kwanza kidogo upande wa kukaza mpaka usikie imekatika krak, halafu rudisha. Nusu mzunguko kufungua, robo kurudi, mafuta kidogo, nusu tena, inachosha lakini bulo inatoka nzima. Bulo ikiwa na springi, kumbuka springi ilikaa upande gani, piga picha. Ikikataa kabisa, kata kichwa kwa mashine ya disike, cheche zielekee nje na siyo kwenye tanki, weka bati katikati. Bulo yenyewe ni ya kutupa, mpya utapata kwa bei ya fanta. Kama bomba yako haina flanji, imeingizwa moja ndani ya ingine na kufungwa klampu, usipige nyundo kama kichaa, pasua ile ya nje kwa urefu, ya ndani usiiguse, ifungue na turnevisi kama ganda la ndizi.

Raba zinakuja mwisho. Weka kriki ya pili ao gogo chini ya kopo kwanza ili lisikuangukie usoni, lina uzito. Paka maji ya sabuni, siyo mafuta ya mashine yanakula raba, vuta raba kwa kuizungusha. Anza na za nyuma, ya mbele toa mwisho. Kopo litakataa kupita katikati ya saspensheni na bampa, lizungushe, kuna pembe moja tu linatokea, na uione vizuri juu ndiyo pembe hiyo hiyo utaingizia jipya.

Sugua uso wa flanji ya mbele kwa brosi ya chuma mpaka iwe safi, gasketi ya zamani isibaki hata kipande. Gasketi mpya lazima, ya eshapema kweli, usikate ya katoni wala ya mpira wa ndani wa pine, zitaungua siku ya kwanza na utarudi kuninung'unikia.

Kurudisha: tundika kwanza kwenye raba zote, halafu flanji na gasketi, bulo zikaze kwa vidole tu. Toka chini, simama nyuma ya gari, angalia mdomo wa bomba uko sawa na bampa, rudi chini, sogeza. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya bomba na kila kitu, bampa ya plastiki, saspensheni, tanki, na mpira wa breki kuliko vyote. Sukuma kopo juu, chini, kushoto, kulia kwa nguvu, hivyo njo litacheza kwenye dodani (matuta ya barabarani) na kwenye yale mawe yetu. Likigusa, fundi akunje sikio kidogo. Ukiridhika ndipo ukaze, kuanzia mbele kuja nyuma, bulo mbili za flanji kidogo kidogo kwa zamu ili isikae upande. Nyuzi za bulo paka grisi ya shaba, mwaka ujao utafurahi.

Raba zikikosekana usifunge waya. Waya haichezi, mtetemo wote unahamia kwenye bomba na inapasuka pale kwenye sikio. Nenda kwa wale wanaokata pine za zamani kwa ajili ya chukudu, wakukatie vipande viwili vya upana wa vidole vitatu, toboa tundu mbili, bulo na washa. Siyo maridadi lakini yangu moja iko hivyo mpaka leo.

Washa, gari ikiwa nje. Dakika kumi na tano za kwanza itatoa moshi mwepesi na harufu, hiyo ni rangi na mafuta uliyopaka, usishtuke. Rudia jaribio la kitambaa na pitisha mkono karibu na kila mshono bila kugusa. Ukisikia hewa kwenye flanji, zima, ngoja ipoe, kaza robo. Shusha gari, zunguka mtaa vioo vimefungwa mara moja tu na mtu mwingine ndani, mnuse kiti cha nyuma na buti. Mimi raba ya mlango wa buti niliibadilisha siku hiyo hiyo.

Baada ya wiki, ama kilomita mia hivi, gari ikiwa baridi, rudi chini na ile kle 14. Gasketi inakuwa imelala na bulo zinakubali robo ingine. Angalia na katundu ka chini, kama kanadondosha maji asubuhi ukiwasha, kanafanya kazi yake.